Fahali wa Sikukuu ya Wamarekani

Juzi mkwe wangu alikuwa anakaanga ngano ya kusaga uji, akaitwa na jirani, akaisahau jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa nje ninaota jua. Harufu ilinifikia taratibu. Mwanzoni ilikuwa tamu, kama mkate unaoanza kuiva, halafu ikawa kali, halafu ikawa ile harufu chungu inayokereketa koo. Nikajikuta nimesimama na fimbo mkononi.

"Baba, vipi tena?" mkwe wangu akauliza, anakimbilia jikoni.

"Ngano inaungua."

"Ni kikaango tu, baba. Kaa upumzike."

Nikakaa, ila sikupumzika. Harufu ile ikishaingia puani mwangu huwa sioni kikaango. Naona uwanda wote wa Basotu unawaka, na juu ya moto ule nasikia fimbo za wanawake zikitua kwenye mgongo wa ng'ombe. Nimeishi na jambo hili tangu utotoni na sijawahi kulisimulia vizuri hata kwa wanangu. Nitalisimulia hapa, pamoja na sehemu yangu, ambayo si nzuri.

Sisi ni watu wa Daudi, huko juu Mbulu, kwenye baridi na mashamba madogo yaliyobana kwenye miteremko. Baba alipopata kazi ya udereva katika shamba la serikali la ngano, tulishuka naye Hanang, mama, mimi na wadogo zangu. Tuliacha kwa baba mkubwa ng'ombe wetu wachache, na kati yao ndama mmoja dume, mweusi tii, niliyemlea mimi. Mama yake alikufa akimzaa. Nilikuwa nachovya vidole kwenye maziwa, naye ananyonya vidole, na ulimi wake ulikuwa unakwaruza kama msasa. Siku tunaondoka alitufuata mpaka barabarani. Baba alisema, "Mwache akue. Siku tukirudi nyumbani, huyu ndiye ataanzisha zizi."

Kule chini kila kitu kilikuwa kikubwa. Ngano ilianzia mlangoni mwa kambi ikaenda mpaka macho yanachoka, na mbele yake Mlima Hanang umekaa peke yake na wingu lake kichwani. Kombaini za kuvunia zilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu ya Daudi. Ila pale hapakuwa patupu kabla ya ngano. Palikuwa malisho ya Wabarabaig, na wengine walikuwa bado wamebaki pembezoni na maboma yao, wanapitisha ng'ombe kwa kujiiba ili wafike kwenye maji. Wakikamatwa, askari wa shamba waliwachapa. Nimewaona wanaume wazima wamelazwa kifudifudi mbele ya karakana, wanachapwa mipini ya majembe mpaka ngozi inaachia, na sisi watoto wa kambi tumekaa juu ya matairi tunaangalia. Hatukulia. Tulishazoea, na baadhi yetu tulikuwa tunahesabu kwa sauti.

Hata hivyo nilikuwa na rafiki Mbarabaig, Gidamaru, rika langu. Tulikutana nikitafuta kuni. Alinicheka jinsi ninavyorusha jiwe, nikamcheka jinsi anavyosema Kiswahili, basi urafiki ukaanza. Nyumbani kwao mama yake alinipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi na mkaa wa mti wanaosafishia vibuyu. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kunywa. Huyu na huyu, moja." Alikuwa ananionyesha mimi na Gidamaru. Nilikunywa kwake mara nyingi sana, na kambini sikumwambia mtu. Watoto wenzangu wangesikia kwamba nakula kwa Wamang'ati, kama walivyowaita, nisingepata mahali pa kukaa darasani.

Katikati ya ngano, si mbali na kambi, palikuwa na kilima kilichojengwa kwa mikono, kirefu kuliko mtu, kimesilibwa kwa udongo na samadi. Kilikuwa kaburi la babu yake Gidamaru. Wazee wao wakubwa walizikwa hivyo, ukoo mzima ukajenga kwa miezi mingi. Gidamaru kila akipita alichuma majani mabichi akayaweka pale chini, na alinifundisha na mimi nikaweka. Baba alilijua kaburi lile. Kila msimu alipofika pale na trekta alikata kona, akalizunguka, akaendelea. Mstari wake wa kulima ulikuwa umenyooka kama uzi, isipokuwa pale.

Sasa nimtaje Mmarekani. Alikuwa fundi wa kombaini, mrefu, mwekundu shingoni, mcheshi. Tulimwita Kansasi kwa sababu ndilo neno alilotaja mara nyingi kuliko jina lake. Kwao Kansasi, alisema, ni ngano tupu kama hapa. Babu wa babu yake alifika kule na gari la kukokotwa na ng'ombe, akavunja ardhi ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Alipenda kusimulia hayo karakanani, mikono imejaa grisi, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika.

Siku moja baba alimwuliza, "Na kabla ya babu yenu, pale walikaa nani?"

"Wahindi Wekundu. Watu wa kufuata nyati."

"Walikwenda wapi?"

Kansasi aliifuta spana kwa kitambaa, akaitazama. "Walikwenda," akasema. "Mbali. Zamani sana."

Baba akaitikia "Aa," akarudi chini ya trekta. Mimi niliona ni jibu zuri tu.

Mwaka ule nchi ya Kansasi ilikuwa inatimiza miaka mia mbili, tarehe nne ya mwezi wa saba. Alikuwa peke yake, wenzake wote wako Arusha, lakini alisema siku hiyo haiwezi kupita kimya. Atanunua mbuzi na pombe kwa wafanyakazi wote, soda kwa watoto, apandishe bendera, apige bunduki, na kulikuwa na fataki alizotumiwa kwenye sanduku la vipuri. Alichotaka ni mahali pa juu, ili bendera ionekane uwanda mzima.

Baba alikuwa ametumwa Arusha kufuata mkanda wa kombaini. Kwa hiyo Kansasi, akiwa anatembea na kundi letu la watoto nyuma yake, alisimama mbele ya kile kilima akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa dereva na nilijua Kiingereza kidogo cha shule.

"Tluway, baba yako hapa anakata kona. Kwa nini? Hii ni nini?"

Wenzangu wote walinigeukia. Yalikuwepo majani mabichi pale chini, mengine niliyaweka mimi mwenyewe juzi yake. Nilifikiria vicheko. Nilifikiria na kofia ya Kansasi pia, ile ya buluu yenye picha ya trekta, ambayo alikuwa ameahidi kumpa mtoto atakayemsaidia kutafuta mahali.

"Ni kichuguu," nikasema.

"Kigumu?"

"Kigumu sana."

Akacheka, akanivalisha kofia palepale. Ilinifunika mpaka puani, na ndani yake palinuka jasho na dizeli.

Siku yenyewe upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unavuma kutoka mlimani, ule mkavu unaopasua midomo. Ngano ilikuwa imeiva kabisa, inasubiri kombaini. Walichimba shimo juu ya kaburi wakasimika mlingoti, bomba la maji lililopakwa rangi nyeupe. Niliwaona wakichimba. Udongo ulitoka mweusi na laini, si kama wa kichuguu, na mzee mmoja wa kambi aliyeshika koleo alinitazama mara moja tu, halafu akainama akaendelea kuchimba. Meneja alikuwepo, nyama ilikuwa inachomwa, hakuna aliyetaka kuharibu.

Bendera ikapanda. Kansasi akasimama kwenye kaburi, akaweka mkono kifuani, akasema maneno machache kuhusu uhuru, sauti ikamkatika, akafuta macho. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Msaidieni jamani, amekumbuka kwao," tukacheka. Kisha akapiga bunduki hewani.

Mlio wa pili haujaisha nikamwona mama Gidamaru. Alikuwa anakimbia ndani ya ngano, mikono juu, amevaa sketi yake ya ngozi yenye nyuzi nyingi, ile wanayovaa wanawake walioolewa na ambayo kwao haiguswi na mkono wa mtu. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na kifua chake kilikuwa kimelowa maziwa. Nyuma yake, mbali kidogo, Gidamaru na ng'ombe. Hakuwa anapiga kelele za ugomvi. Alikuwa analia kama watu wanavyolia msibani, na alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti akaukumbatia ili aung'oe.

Askari wa shamba, mtu aliyeletwa kutoka mbali na ambaye hata majina yetu hakuyajua, alifika kwa hatua chache. "Mang'ati, toka hapo!" Hakungoja atoke. Alimpiga rungu la paji la uso.

Nilisikia. Sitajaribu kusema sauti ile ilifanana na nini. Alianguka chali kwenye udongo mpya, damu ikamjaa machoni, mkono wake mmoja bado umeshika lile bomba. Askari akampiga tena, mara hii kwenye mkono, mpaka ukaachia. Kansasi alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza, "Hapana, hapana!", amemshika askari ukosi. Gidamaru alitokea kama mshale, akarusha fimbo yake kwa nguvu zote, ikampata askari mdomoni, nikaona meno yake yakitoka na mate mekundu. Askari wengine wawili wakamwangukia Gidamaru. Walimpiga mateke tumboni na kichwani kama watu wanaozima moto.

Na moto wenyewe ulikuwa umeshaanza. Katika vurugu ile sanduku la fataki lilipinduliwa kwenye makaa ya nyama. Fataki zikatoka zikikimbia chini chini, nyekundu na buluu, zikaingia kwenye ngano. Kwa muda mfupi zilikuwa nzuri sana. Mtoto mmoja alipiga makofi. Kisha upepo ukainua ukuta wa moto ambao sijauona tena maishani, ukiunguruma, na ng'ombe wa kina Gidamaru wakachanganyikiwa wakaja juu yetu. Walikanyaga meza, walikanyaga watu. Mfanyakazi mmoja alivunjwa nyonga, hakutembea tena sawasawa. Ndama wawili waliingia motoni wenyewe, tukawasikia.

Baba alirudi na lori la vipuri wakati moshi umefunika jua. Hakuuliza kitu. Alirukia trekta yenye plau akaenda kukata njia ya kuzuia moto kati ya ngano na kambi. Wengine walikuwa wanapiga moto kwa magunia yaliyolowanishwa. Nilimwona baba akija na mstari wake, umenyooka, na mbele yake kaburi. Meneja alikuwa anamwonyesha kwa mikono yote miwili: pita, pita katikati! Baba akakata kona. Kwa kuzunguka pale, moto ulipata nafasi ukavuka, ukala kipande kikubwa cha ngano kabla ya kuzimwa. Kaburi lilibaki, limekuwa jeusi upande mmoja, na mlingoti umelala.

Askari aliyempiga mama Gidamaru alitoroka alfajiri na lori la magunia. Mimi nilikuwa nimelala na kofia chini ya blanketi.

Wanawake walikuja siku iliyofuata. Hatukuwahi kujua kwamba uwandani kuna wanawake wengi kiasi kile. Walitoka pande zote, vijana na vikongwe, wote wamevaa ngozi, kila mmoja ameshika fimbo, wakakaa chini mbele ya karakana. Wabarabaig wanalo baraza la wanawake. Mwanamume akimdhuru mama aliyejifungua, kesi hiyo si ya wazee tena, ni ya wanawake wenyewe, na hukumu yao hakuna mwanamume wa kuipinga. Askari walitoka na marungu, wakaangaliana, wakarudi ndani. Hata meneja alifunga dirisha.

Baba alikuwa anaijua lugha yao. Alivua kofia akasogea, akawa mkalimani. Neno la kichuguu lilikuwa limeshawafikia kutoka kambini. Kikongwe mmoja, mwembamba, macho meupe kwa uzee, ndiye aliyeuliza.

"Nani alisema pale ni kichuguu?"

Kansasi, masikini, alitaka tu kueleza kwamba hakujua. Alininyooshea mkono. "Huyu mtoto aliniambia. Mimi sikujua, mama. Kweli sikujua."

Baba aligeuka akanitazama. Nimepigwa mara nyingi utotoni, lakini hakuna kipigo kinachokaribia mtazamo ule.

"Mtoto wa nani?" kikongwe akauliza.

"Wangu," baba akasema.

"Amekunywa maziwa nyumbani kwa nani?"

Mama Gidamaru alikuwa amekaa katikati yao, kichwa kimefungwa kitambaa kilichokauka damu, mkono umefungwa kwenye vijiti, mtoto mchanga mapajani. Gidamaru hakuwepo. Alikuwa ndani, anatapika damu. Alipona, lakini sikio moja halikusikia tena. Mama yake aliinua ule mkono mzima.

"Kwangu," akasema.

Wanawake wakaguna wote pamoja. Hukumu haikuchukua muda: fahali mweusi, asiye na alama, kutoka kwa baba wa mtoto.

Kansasi alipoelewa alishtuka. Akaja mbele, akasema yeye ndiye mkosaji, atanunua fahali, atanunua hata watatu, mtoto aachwe. Alikuwa anasema kweli, macho yalikuwa yamemlengalenga kama siku ya bendera. Kikongwe hakugeuza kichwa. Alisema neno moja kwa baba.

"Amesemaje?" Kansasi akauliza.

"Anasema wewe hawakudai kitu," baba akajibu.

"Wamenisamehe?"

"Hawakudai," akarudia.

Baba alipanda Daudi kwa miguu, akarudi baada ya siku kadhaa na fahali. Sikutaka kuamini kwamba ni yule. Alikuwa amekua, shingo nene, anang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Nilimnyooshea mkono akaja akaramba vidole vyangu, na ulimi ulikuwa uleule.

Walimfunga kwenye mti kando ya kaburi, wakamzunguka wakiimba, kisha wakampiga kwa fimbo mpaka afe. Ndivyo ilivyo desturi yao kwa faini ile, hachinjwi kwa kisu. Baba alinishika mabega nisikimbie. Mwanzoni fahali alirusha mateke na kunguruma, akavunja pembe moja kwenye mti. Baadaye alipiga magoti. Fimbo ziliendelea kutua kwenye mbavu, kwenye mgongo, kwenye uso, na kila iliyovunjika iliokotwa nyingine. Mwishoni alikuwa anatoa sauti ndogo kama ya ndama, na ulimi umetoka, na mimi nilikuwa napiga kelele, "Amekosa nini? Yeye amekosa nini?"

"Hajakosa," baba akasema juu ya kichwa changu. "Tazama."

Alipotulia, wanawake walitupa fimbo zao chini, na nyuso zao zikabadilika. Wakawa wanaongea kawaida, mmoja akamcheka mwenzake aliyepoteza kiatu. Mama Gidamaru akanijia na kibuyu. Alikuwa anatembea polepole. Akakifungua kwa meno kwa sababu mkono mmoja haukufaa, akaninyooshea mbele ya wote. Nilisikia ile harufu ya moshi.

"Kunywa," akasema.

Nilimtazama, na nilichoona ni mtu aliyemuua fahali wangu. Nikageuza uso.

Hakuondoka. Alisubiri, kibuyu kimenyooshwa. Baba akanisukuma taratibu mgongoni. Sikugeuka. Mwishowe baba akakipokea yeye, akanywa, akasema asante kwa lugha yao. Mama Gidamaru akakifunga kibuyu akarudi kwa wenzake. Sikwenda tena kwao. Gidamaru alipona akarudi machungani, nikawa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia.

Kansasi aliondoka baada ya mavuno. Alimpa kila mtu mkono, akamwambia baba kwamba Wabarabaig ni watu wema, walimsamehe bila hata kumdai mbuzi. Baba alimtakia safari njema. Msimu uliofuata baba mwenyewe aliachishwa kazi kwa ile kona, tukarudi Daudi kwenye zizi lisilo na fahali. Dereva aliyechukua trekta yake alinyoosha mstari.

Shule ya sekondari ndiko nilikosoma habari za Amerika, magari ya ng'ombe, nyati, na watu wa kule "waliokwenda". Nikalikumbuka jibu la Kansasi na lile "Aa" la baba. Ila jambo la fahali nilichelewa zaidi kulielewa, mpaka nikawa na watoto wangu na majirani wangu wa kugombana nao. Kwa miaka mingi niliona haki haikutendeka, kwamba mkubwa mwenye bunduki aliachwa na mtoto akapokonywa alichokipenda. Siku moja nilimwuliza baba, akiwa mzee tayari, kama hakuwachukia wale wanawake. Alinishangaa. "Yule Mzungu walimwacha kwa sababu hawakuwa na mpango naye," akasema. "Kwao alikuwa kama ule moto, umepita. Wewe walikutoza kwa sababu walikuwa wanakutaka urudi."

Niliwahi kushuka Basotu kutafuta kaburi. Pale ni ngano na mahindi, nilizunguka mpaka jua likazama, sikupata hata mwinuko. Gidamaru nilimkuta mnadani, mzee kama mimi, ananigeuzia sikio lililobaki. Tulisalimiana vizuri. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Alisema kile kibuyu mama alikiweka kando, hakukitumia kwa mtu mwingine, na mara kwa mara alikuwa anakisafisha kwa mkaa wa mti.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Alisema mtoto akikasirika, mwache akasirike. Siku moja atasikia kiu."